Siku Kadi Ilipokubali

Ukiwa Mbale mjini, mashariki mwa Uganda, huna haja ya kuuliza mlima Wanale uko wapi. Inua macho upande wa mashariki utauona umesimama kama ukuta, na msimu wa mvua maporomoko yake ya maji yananing'inia mwambani kama nyuzi nyeupe. Mji uko kwenye mita 1,100 na ushei juu ya usawa wa bahari. Ukingo wa juu, ambao wengine bado wanauita Nkokonjeru, unapita mita 2,300. Kule juu si pori tupu. Kuna kahawa, migomba, shule, makanisa na watu wengi. Na mvua inayonyesha kwao, sharti maji yake yashuke kwetu.

Usiku wa kuamkia 31 Julai 2022 yalishuka kwa pamoja. Mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika, ikabeba magari, ikaingia majumbani, na zaidi ya watu 20 wakapoteza maisha. Mimi ni mwalimu wa hesabu. Wiki ile vijana sita niliowahi kuwafundisha walikuja nyumbani wakaniuliza: Mwalimu, hesabu yetu inaweza kusaidia nini?

Tukakubaliana tuchore ramani ya mteremko wa Wanale, kijiji kwa kijiji, ili mtu anayetaka kujenga ajue ardhi iliyo nyuma ya nyumba yake imesimama wima kiasi gani. Mteremko hausemi kila kitu. Kuna aina ya udongo, kuna miti iliyokatwa, kuna nyufa, kuna mvua yenyewe. Lakini jirani zetu wa Bududa walizikwa hai na maporomoko ya udongo pale Nametsi tarehe 1 Machi 2010, na wakapigwa tena Bukalasi Oktoba 2018. Wataalamu wamerudia mara nyingi kwamba kuchonga kilima ili kupata kiwanja ni kati ya mambo yanayoulegeza udongo. Mtu akijua mteremko wake, walau atajua pa kutochimba.

Vipimo vya urefu wa ardhi vilikuwapo, tena bure. Februari 2000 chombo cha anga Endeavour kiliizunguka dunia kwa siku 11 kikipima milima na mabonde kwa rada, na leo yeyote anaweza kupata urefu wa ardhi yake kwa kila mita 30 hivi. Tulitaka kupata mteremko wa kila kituo, yaani kila nukta iliyopimwa, kisha kuimwagia ramani mvua ya kubuni maelfu ya mara, kwa viwango tofauti, tuone maji yanakimbilia wapi. Tulitumia lugha ya Julia, ambayo ni ya bure na imetengenezwa kwa ajili ya hesabu nzito. Kompyuta yetu ilikuwa ya mitumba yenye Ubuntu, aina ya Linux. Prosesa yake ilikuwa inakesha na hesabu moja, na umeme ukikatika saa kumi za usiku, asubuhi tunaanza upya.

Ili tupate kasi, kijana mmoja akasafiri hadi Jinja, akarudi kupitia Iganga na Tirinyi akiwa ameshika mapajani sanduku lenye kadi ya michoro iliyotumika, GTX 1050 Ti. Kadi za namna hii zilitengenezwa kwa ajili ya michezo ya kompyuta, lakini ndani yake mna vichakataji vidogo vingi, hii ina 768, na tangu 2007 kampuni ya NVIDIA imetoa njia ya kuvitumia kwa hesabu za kawaida, iitwayo CUDA. Kazi ya ramani inaifaa sana kadi: vituo ni vingi, hesabu ni ile ile, kila kichakataji kinachukua kituo chake. Tena hii yetu haihitaji waya wa ziada wa umeme. Inakula wati zisizozidi 75, nazo inazipata palepale inapochomekwa. Tuliichomeka, tukawasha, tukaendesha programu. Kasi ikawa ile ile ya jana.

Hapa nataka kusema polepole, kwa sababu wiki nzima ilipotelea hapa.

Programu yetu iliandikwa hivi: kama kadi inafanya kazi, tumia kadi, kama haifanyi, endelea na prosesa. Yaliyoandikwa hivyo yanaonekana ya busara, na waandishi wengi wa programu huandika hivyo. Ubaya wake ni kwamba kadi ikikosekana, programu hainung'uniki. Inaendelea kimya kimya, na wewe unadhani kadi ni dhaifu, kumbe haijaguswa kabisa. Tulipouliza waziwazi kwa `CUDA.functional()`, jibu lilikuwa fupi: `false`.

Basi tukaanza kutengeneza, na tulianzia juu. Tulifuta vifurushi vya Julia tukavipakua tena, gigabaiti kwa gigabaiti, kwa bando za simu ambazo vijana walizinunua kwa pesa ya nauli. Jibu likabaki `false`. Mmoja akapakua draiva, yaani programu inayoiendesha kadi, kutoka kwa mtengenezaji akaisakinisha juu ya ile iliyoletwa na Ubuntu, bila kuondoa ya kwanza. Sasa tukawa na maradhi mawili: mashine ikalalamika kwamba draiva na maktaba yake si toleo moja. Hakuna aliyeandika alichobadilisha. Ilipofika siku ya nne, hakuna kati yetu aliyeweza kusema kompyuta ilikuwa katika hali gani.

Ninachowafundisha wanafunzi wangu tangu hapo ni kuanzia chini. Kadi ni kama maji ya bomba: kabla hujamlaumu fundi wa jikoni, angalia kama maji yamefika kwenye mita. Kwanza, je, mashine inaiona kadi? Amri ya `lspci` inataja vifaa vya PCI, kadi za namna hii zikiwemo. Kama kadi haimo, hakuna programu itakayokusaidia, fungua sanduku uichomeke vizuri. Yetu ilikuwamo. Pili, je, keneli, yaani moyo wa Linux, imeipokea draiva? `lsmod` itakuonyesha, ukiona `nouveau` badala ya `nvidia`, hiyo ni draiva ya kujitolea inayoweza kuonyesha picha lakini haiwezi CUDA. Kwetu hapakuwa na `nvidia`, na `nvidia-smi` ikasema imeshindwa kuwasiliana na draiva. Hapo ndipo ugonjwa ulipokuwa, siku ya kwanza, hatua ya pili kutoka chini. Maktaba na Julia, tulivyohangaika navyo, viko hatua ya tatu na ya nne.

Tukafuta kila kitu cha NVIDIA, tukasakinisha draiva moja tu, ile ya Ubuntu, na safari hii binti mmoja akaandika kila amri kwenye daftari la mistari. Tukajaribu kuilazimisha kwa `modprobe`. Ikajibu kwamba ufunguo umekataliwa.

Jibu lile ndilo lililotufumbua macho. Kompyuta nyingi za siku hizi zina ulinzi uitwao Secure Boot: keneli haikubali draiva isiyo na saini inayoijua. Ubuntu inapoweka draiva ya NVIDIA mara nyingi huitengenezea saini, inakuomba uchague nywila, kisha kompyuta ikiwaka upya inaleta kioo cha bluu ikikutaka ubonyeze kitufe na kuithibitisha nywila ile. Inakusubiri sekunde 10. Usipobonyeza, inaendelea kuwaka kama kawaida, na draiva inabaki nje ya mlango bila mtu kuambiwa.

Sekunde zetu 10 nakumbuka zilipotelea wapi. Ulikuwa Agosti wa mwaka wa shufwa, mwaka wa imbalu, tohara ya jadi. Tulikuwa tumeiwasha kompyuta upya, na dakika ile ile ngoma za kadodi zikapita barabarani na watahiriwa wamepakwa unga, umati ukiwafuata kwa wimbo. Tulikimbilia dirishani sote. Tuliporudi mezani, kioo kilikuwa kimeshapita na Ubuntu inatuomba nywila ya kawaida.

Tukarudia. Safari hii wawili walikaa mbele ya kioo, mkono kwenye kitufe. Bluu ikaja, tukathibitisha, ikawaka. `nvidia-smi` ikachora jedwali lake: jina la kadi, joto lake, kumbukumbu zake. Julia ikajibu `true`. Vijana walipiga makofi hadi mwenye nyumba akaja kuuliza kuna nini. Kazi iliyokuwa ikikesha iliisha kabla chai haijapoa.

Ningeweza kuishia hapo, na wengi hadithi za namna hii huziishia hapo: kadi ilikataa, tukahangaika, ikakubali. Lakini kosa lililotugharimu bando na wiki moja lilikuwa kosa la heshima. Lilitusimamisha mlangoni. Kosa lililokuja baada ya makofi ndilo linaloniamsha usiku.

Siku ile ile tulichapa karatasi ya kijiji kimoja cha mlimani ambacho mwenyekiti wake wa LC, yaani baraza la kijiji, alikuwa ametuomba. Binti mwenye daftari akaishika mkononi, akaitazama, akasema, "Mwalimu, hii si sawa na ile ya wiki iliyopita." Kweli, tulikuwa na karatasi ya kijiji kile kile iliyotoka wakati kadi inagoma. Ile ya zamani ilikuwa na mabaka mengi mekundu, rangi ya mteremko mkali. Mpya ilikuwa ya kijani karibu yote. Nilimjibu kwamba ile ya zamani ilitoka wakati mashine ni mbovu. Nilisema hivyo mbele ya wenzake, kwa sauti ya mwalimu, na yeye ana adabu, akanyamaza.

Tukapanda na bodaboda siku ya pili yake. Mkutano ulifanyika chini ya mti, na baada ya mkutano mama mmoja akatuita kwake. Alikuwa na matofali yamepangwa nyuma ya jiko, anataka kuchonga ukingo ili aongeze chumba cha wajukuu. Nikatazama karatasi. Nyuma ya jiko lake palikuwa kijani. Nikamwambia, "Mama, hapa ni pazuri." Akatupa ndizi za kubeba.

Kesho yake yule binti hakuniuliza tena. Aliichapa ramani nzima, kutoka mjini hadi juu, akaiweka mezani, halafu akafungua dirisha. Nje, Wanale imesimama. Kwenye karatasi, ukuta ule unaoutazama mji, mwamba ambao mtoto wa Mbale anaujua kabla hajajua kusoma, ulikuwa kijani tupu. Kadi yetu iliufuta mlima.

Kilichotokea ni hiki. Katika Julia, njia fupi ya kupeleka data kwenye kadi ni amri iitwayo `cu`. Amri hiyo haibebi namba kama zilivyo. Inazigeuza kutoka namba za biti 64 kuwa za biti 32, kwa sababu kadi za nyumbani ni nyepesi kwa namba fupi na nzito kwa ndefu; yetu hufanya hesabu za biti 64 kwa kasi ya moja ya 32 tu. Jambo hilo limeandikwa kwenye maelezo yake, sisi ndio hatukusoma. Namba ya biti 32 inakumbuka tarakimu saba hivi, basi. Ukiwa na shilingi 16,777,216 katika biti 32 ukaongeza shilingi moja, utabaki na 16,777,216. Shilingi imeingia mfukoni na haikuonekana.

Sasa angalia hesabu yetu. Kila kituo kwenye ramani kina namba mbili za mahali, kwa mita: ya kwenda mashariki, ambayo kwa Wanale ni karibu 635,000, na ya kwenda kaskazini, karibu 117,000. Mteremko unahitaji kigawanyo, nacho nilikipata kwa kanuni ya kitabuni: chukua wastani wa miraba ya namba hizo, toa mraba wa wastani wake. Mraba wa 635,000 unapita bilioni 400. Katika ukubwa huo, namba ya biti 32 haihesabu moja, mbili, tatu. Inaruka kwa hatua za 32,768. Na jibu tulilokuwa tunalitafuta, kwa vituo vitano vilivyopishana mita 30, ni 1,800. Ni kutaka kupima chumvi kwa mizani ya magunia. Upande wa mashariki na magharibi, mteremko ulipotea wote. Upande wa kaskazini na kusini, ambako hatua ni za 1,024, ukabaki nusu nusu, ndiyo maana karatasi ilionekana kama ramani na si kama takataka. Mahali hesabu ilipogawanya kwa sifuri, programu ikapaka kijani. Na ukuta wa Wanale unatazama magharibi.

Ile karatasi niliyoiita ya mashine mbovu ndiyo iliyokuwa sahihi. Wakati kadi inagoma, programu ilikuwa inaangukia kwenye prosesa, nayo ilikuwa inatumia biti 64 zake zote.

Watu walikufa kwa kosa la ukoo huu huu. Tarehe 25 Februari 1991, huko Dhahran, Saudi Arabia, mtambo wa Patriot ulitakiwa kuzuia kombora la Iraki. Saa yake ilihesabu kwa sehemu za kumi za sekunde, na moja ya kumi haiandikiki kikamilifu katika biti 24. Kila mara hukatwa kipande kidogo sana. Mtambo ulikuwa umewashwa kwa takriban saa 100 mfululizo, na vile vipande vikawa thuluthi moja ya sekunde. Ukatazama mahali ambapo kombora halipo. Askari 28 wa Marekani wakafa. Programu iliyorekebishwa ilifika Dhahran siku iliyofuata. Mtambo haukuzimika wala kutoa kengele, ulikuwa unafanya kazi.

Nilipaswa kufanya nini? Kabla ya kuchapa chochote, nilipaswa kuchukua kijiji kimoja kidogo na kukihesabu mara mbili, kwa prosesa na kwa kadi, nikatoa jibu moja kwenye jingine. Hiyo ni kazi ya dakika tano. Nilipaswa kuiandika programu ipaze sauti: kadi haipo, au namba zimefupishwa, au nimegawanya kwa sifuri, badala ya kuipaka rangi ya usalama sehemu isiyoijua. Nilipaswa kujaribu mahali ambapo jibu ninalijua kwa macho, na kwa mtu wa Mbale mahali hapo panaonekana dirishani. Zaidi ya yote, nilipaswa kumsikiliza binti aliyeshika karatasi mbili zisizolingana. Kazi ya mwalimu ni kufurahi mwanafunzi anapoona tofauti, nami nilimfunga mdomo kwa sababu nilikuwa nimeipenda kasi.

Dawa ilikuwa rahisi hata inauma. Kabla ya kuzidisha chochote, toa namba ya kituo cha katikati. Badala ya 635,000 na wenzake, unabaki na −60, −30, 0, 30 na 60. Mraba wa 60 ni 3,600. Biti 32 zinautosha na kubaki. Kadi ikaendelea na kasi yake ile ile, na mlima ukarudi kwenye karatasi.

Tulipanda tena siku ya tatu, mimi na yule binti. Mama alikuwa ameshapata vijana wa kuchimba. Jembe lilikuwa limeegemezwa ukutani. Nilimwambia kwamba nilichomwambia kilikuwa kosa, na kosa ni langu. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Mwanangu, juzi ulikuja na karatasi, leo umekuja na karatasi. Hii ya leo nitaijuaje?"

Sikuwa na jibu la kumpa kwa maneno. Binti akafungua daftari lake, akaandika urefu wa vituo vitano vinavyopita jikoni kwake, kutoka magharibi kwenda mashariki: 1,902, 1,915, 1,929, 1,944, 1,958. Akamwita mjukuu wa darasa la saba, akamkalisha juu ya tofali na kumpa kalamu. Toa wa kwanza kwenye wa mwisho. Mtoto akaandika 56. Zidisha kwa 60. Akaandika 3,360. Toa wa pili kwenye wa nne: 29. Zidisha kwa 30: 870. Jumlisha: 4,230. Gawanya kwa 9,000, jumla ya miraba ya zile namba tano, −60 hadi 60. Hapo alikaa kidogo, akafuta, akaandika 0.47.

"Maana yake," binti akamwambia, "ukitembea mita 30 kuelekea kule, umepanda mita ngapi?"

Mtoto akazidisha pembeni mwa ukurasa. "Kumi na nne."

Bibi yake akaigeukia ile ardhi nyuma ya jiko, akaitazama kutoka chini hadi juu. Kisha akawaambia vijana waanze kuhamisha matofali.